Kutafuta Dhahabu Moroto: Ramani Kwanza, Miguu Baadaye

Jumamosi, Busia

Jumatano alfajiri tunaondoka kwenda Moroto, mimi na binamu yangu, kuangalia ardhi ya upande wa Rupa. Mpaka siku hiyo kazi ni ya kukaa kitako mbele ya kompyuta. Nitaandika kila siku tunachofanya, kwa sababu vijana hapa Busia wananiuliza sana mtu anaanzaje, na jibu langu huwashangaza: anza na bando la intaneti, sululu itafuata.

Wengi wamekulia kwenye desturi ya Tiira, machimbo ya dhahabu ya hapa Busia. Unasikia fulani kapata, unabeba sululu, unachimba pembeni mwa shimo lake. Dhahabu ya huku kwetu inajulikana tangu miaka ya 1930, enzi zile Kakamega ng'ambo ya mpaka ilipofurika watafutaji, na miamba ni ile ile, ukanda mmoja unaotoka magharibi mwa Kenya na kuingia Uganda hapa hapa. Ndiyo kusema kila kilima cha Busia kilipekuliwa na babu zetu, kikapekuliwa tena na baba zetu. Karamoja, ukanda ambamo Moroto imo, haijapekuliwa hivyo. Serikali ilipoipima nchi kwa ndege zenye vyombo vya kusoma usumaku na mnunurisho wa miamba, asilimia 80 hivi ya Uganda ilipimwa na Karamoja ikaachwa kwa sababu ya usalama. Zamu yake ilikuja miaka mingi baadaye.

Ramani ya kwanza niliyoifungua leo si ya satelaiti. Ni ramani ya leseni, ambayo kurugenzi ya jiolojia na migodi ya Entebbe imeiweka wazi mtandaoni. Unavuta mpaka Moroto, unaona vipande vya rangi vimepangana: hiki kina leseni ya uchunguzi, kile cha uchimbaji, kingine ni ombi ambalo bado halijajibiwa. Ukibonyeza kipande unaonyeshwa aina ya leseni, mwenye nayo na tarehe ya kuisha. Ibara ya 244 ya Katiba inasema madini yote yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya shamba uliloachiwa na baba yako, na Sheria ya Uchimbaji na Madini ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, ndiyo inayosema nani aguse wapi. Nimewaona watu wazima wakilia kando ya barabara, wamemaliza akiba yao yote kwenye ardhi ambayo kampuni ilikuwa imeshaichukua. Ramani hii ilikuwepo, ni ya bure, na hawakuwahi kuambiwa. Hilo linaniuma kuliko kukosa dhahabu.

Basi jioni nzima imekwisha kwa kufuta. Nimechora mpaka wa kila kipande chenye mwenyewe, nikauhamishia kwenye Google Earth, kisha nikaongeza mpaka wa Hifadhi ya Wanyamapori ya Matheniko, kwa sababu huko ndani kuna mamlaka nyingine na ruhusa nyingine. Kilichobaki ni mapengo tu. Ndani ya mapengo hayo ndimo tutakamotafuta.

Jumapili, Busia

Leo ndiyo siku niliyokuwa naingoja. Picha.

Niseme mapema ili mtu asidanganyike: hakuna satelaiti inayoiona dhahabu. Dhahabu ya mtoni ni chembe, nayo picha nzuri za bure zinaonyesha vitu vyenye upana wa mita kadhaa. Unachotafuta ni mahali ambapo maji yangeiangusha, mwamba ambao ingetokea, na dalili za watu waliowahi kuchimba. Kwa kazi hiyo picha moja, hata ikiwa safi namna gani, haitoshi. Inabidi uangalie ardhi ile ile katika miezi mbalimbali na miaka mbalimbali. Mtu akiniuliza siri ya kazi hii, nitamwambia hiyo: acha kuitazama ramani kama mahali, itazame kama muda.

Google Earth ya kwenye kompyuta ina alama ya saa juu ya dirisha. Ukiibonyeza unapata mstari wa miaka, unaurudisha nyuma na ardhi inabadilika mbele ya macho yako. Picha zake ni kali, unaona mti mmoja mmoja, ila tarehe zina mapengo makubwa. Mapengo hayo nayaziba kwa Sentinel-2, satelaiti za Ulaya zilizoanza kurushwa mwaka 2015. Zinapita juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 5, na picha zake zinapatikana bure kwenye tovuti ya Copernicus. Ukali wake ni mita 10 kwa kila nukta, yaani kibanda huwezi kukiona, lakini mto, moto wa nyika na eneo lililochimbuliwa unaviona vizuri.

Karamoja ina msimu mmoja wa mvua, kama Aprili hadi Septemba, halafu kiangazi kirefu. Kwa mtu wa ramani hiyo ni neema. Picha za Januari na Februari zinaonyesha ardhi tupu: nyasi zimekauka au zimeungua, mwamba umejitokeza, mchanga wa mito unang'aa. Picha za Julai na Agosti zinaonyesha maji yanapita wapi hasa. Lakini zinazonifaa zaidi ni zile za Oktoba na Novemba, mvua zinapoondoka. Wakati huo ardhi inakauka kwa zamu. Kwenye changarawe na mwamba majani hufa mapema. Penye udongo mzito au mchanga ulioficha unyevu chini, kijani huchelewa kuondoka. Nikitumia rangi za mwanga usioonekana kwa macho, mimea hai inatokea nyekundu, na mistari ile ya unyevu inajichora yenyewe.

Kuna mstari mmoja wa namna hiyo umenishika mchana kutwa. Uko kwenye uwanda chini ya vilima, mbali kidogo na mto wa sasa, unapinda kama mto lakini hauna mchanga wala kingo. Kiangazi hauonekani kabisa. Mvua zikiwa kali hauonekani pia, kwa sababu kila kitu ni kijani. Unajitokeza kwa wiki chache tu, mwaka hadi mwaka, mahali pale pale. Nimeuwekea alama D na swali pembeni.

Halafu mashimo. Mashimo ya wachimbaji wadogo kwenye picha kali ni vidoa vyeupe vilivyosongamana, na si kila kidoa ni shimo. Njia ninayoitumia ni kivuli. Satelaiti nyingi hupita saa nne na nusu hivi asubuhi, na mwezi wa Januari jua la saa hiyo kwetu liko kusini-mashariki. Kitu kilichosimama, mti au kibanda, kinatupa kivuli chake upande wa kaskazini-magharibi. Shimo linafanya kinyume: giza linakaa ndani, kwenye ukingo wa kusini-mashariki, na ukingo wa pili unapigwa na jua. Ukishalizoesha jicho lako, unatenganisha shimo na kichaka bila taabu. Mwenye haraka atababaishwa na maboma ya zamani ya ng'ombe. Ni miduara mikubwa, myeusi au ya kijani kwa ajili ya samadi, inayobaki ardhini miaka mingi baada ya wenyewe kuhama. Dawa yake ni kuurudisha mstari wa miaka: boma utaliona lilipokuwa na uzio wa miiba na nyumba ndani yake.

Nimepata kundi moja la mashimo ambalo kwenye picha za zamani halipo, baadaye linatokea, linakua, kisha linasimama. Hiyo ni alama B. Kwa nini walisimama? Dhahabu iliisha, maji yalikosekana, au walifukuzwa? Picha haisemi. Nitauliza huko huko.

Jumatatu, Busia

Kazi ya leo ni mito na mwinuko. Dhahabu ni nzito, mara 19 ya maji, wakati mchanga wa kawaida haufiki mara 3. Mto ukiwa na nguvu unabeba vyote. Ukipungua nguvu unaanza kuacha, na wa kwanza kuachwa ni ule mzito. Kwa hiyo natafuta pale mteremko unapolegea ghafla, mto unapotoka vilimani kuingia uwandani, upande wa ndani wa kona, na nyuma ya mwamba uliokatiza mto. Nachora mstari kufuata mto, naiambia programu inionyeshe mwinuko wake, nautafuta mvunjiko. Vipimo vya mwinuko vya bure vinavyotumika sana vilikusanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, kwa hatua za mita 30 hivi. Vinatosha kuonyesha mteremko wa bonde. Korongo jembamba haviliwezi, kwa hiyo mwanya wa mita tano ambao miguu yako itauona kwa uchungu hautauona kwenye mstari ule.

Alama A nimeiweka kwenye weupe mkali ulio kwenye ubavu wa kilima, unaoweza kuwa kwatsi, lile jiwe jeupe gumu ambalo dhahabu hupenda kukaa naye jirani. C ni kona ya mto nyuma ya mwamba.

Jambo moja la kitaalamu, na naomba wasomaji wanaotumia ramani za zamani wanisikilize. Ramani za karatasi za Uganda za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa kupima mahali uitwao Arc 1960. Simu na Google Earth zinatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za kwenye karatasi ukaziingiza kwenye simu jinsi zilivyo, alama yako inaangukia mita 300 hivi kaskazini ya mahali penyewe. Mita 300 zinatosha kukutoa kwenye mto na kukupandisha kilimani, au kukuingiza kwenye leseni ya mtu. Zipitishe kwanza kwenye programu ya kubadilisha mifumo. Ni kazi ya dakika moja.

Usiku nimepakua ramani ya eneo zima kwenye simu zote mbili, itumike bila mtandao, na alama zetu zimo ndani.

Jumanne, Busia

Mizigo, na simu za kupiga. Karai mbili, koleo fupi, nyundo, lenzi, chekeche, betri ya ziada, nakala za leseni yetu ya kutafuta ndani ya plastiki. Nimempigia mfanyabiashara tunayefahamiana Moroto atutafutie kijana wa kule anayejua Kiswahili.

Binamu ameniuliza kama ni lazima kuripoti kwa wanajeshi. Ni lazima. Machi 2022 wanajiolojia wa serikali waliokuwa kwenye kazi ya kuchora ramani ya madini waliuawa Moroto, pamoja na wanajeshi waliokuwa wakiwalinda. Walikuwa watu wa kazi hii hii ninayoiandika hapa, wenye elimu kuliko sisi, na ramani bora kuliko zetu. Kila ninapofungua picha za eneo lile nawakumbuka. Usalama wa sasa umeimarika, ila hakuna picha ya satelaiti inayokwambia ng'ombe wa nani wameibwa juzi.

Jumatano, njiani

Tororo, Mbale, halafu Muyembe na kuambaa na nyanda za Pian Upe mpaka Nakapiripirit, mlima Kadam ukiwa upande wetu wa kulia. Joto kali, vumbi, teksi imejaa. Moroto tumeingia jua likizama nyuma yetu na mlima mbele, mita 3,083 kutoka usawa wa bahari. Posho na maharage, kulala.

Alhamisi, Moroto mjini

Asubuhi ofisi za wilaya, kisha kambi. Afande aliyetupokea amekagua karatasi zetu moja moja, akaomba kuona tunakokwenda. Nikamwonyesha kwenye simu. Akavuta picha kwa vidole viwili, akanyamaza, kisha akagusa njia moja ya mkato tuliyoipanga: "Hapa msipite. Zungukeni na barabara, na saa kumi jioni muwe mmerudi." Nimeichora mara moja kwenye ramani kwa rangi nyekundu.

Kijana wetu wa kutafsiri ni mchangamfu, Kiswahili chake alikipata kwenye biashara ya mbuzi. Mchana ametupeleka kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, huko tunakokwenda, na mwenyekiti hakutaka kusema lolote kabla ya kuwaita wazee. Wakaja, tukakaa chini ya mti. Nilikuwa nimechapisha picha mbili kubwa za karatasi, moja ya Januari na moja ya Novemba, kwa sababu simu inamlazimisha mzee kukodoa macho kwenye kioo kinachong'aa juani.

Mzee mmoja aliichukua ile ya Januari, akaigeuza mpaka mlima wa kwenye picha ukaelekea mlima wenyewe. Akaanza kutaja. Kidole kwenye mduara: hili ni ere, yaani boma, la familia fulani, walihama baada ya ukame. Kidole kwenye mstari mwembamba: njia ya ng'ombe kwenda kunywa. Hakuwahi kuona picha ya namna ile, kijana alituambia baadaye, na hakukosea hata kimoja tulichoweza kukihakikisha.

Nikampa ile ya Novemba. Nikamwonyesha mstari wa alama D, nikauliza, "Mzee wetu, hapa pana nini?"

Kijana akatafsiri. Wazee wakaongea wenyewe kwa wenyewe kwa muda, sauti zikapanda. Kisha jibu likaja: hapo ndipo mto ulipopita wakati wao wakiwa wachungaji wadogo. Ilikuja mvua kubwa, mto ukaziba kwa magogo na mchanga, ukahamia ulipo sasa. Mto wa zamani ukajaa taratibu, ng'ombe wakaukanyaga, leo ni malisho.

Mstari wa miaka wa Google Earth hauendi huko. Hata picha za satelaiti za Landsat, ambazo zilianza kupigwa mwaka 1972, kwa ukali wake zisingenionyesha kijito kama kile. Ule muda niliokuwa nautafuta kwenye kompyuta, sehemu yake ya zamani ilikuwa imekaa chini ya mti ule.

Nikauliza pia kuhusu mashimo ya alama B. Mama mmoja aliyekuwa pembeni akajibu kabla ya wazee: maji. Dhahabu ipo kidogo, lakini kiangazi walibeba udongo kichwani mpaka kwenye maji, na kilichopatikana hakikulipa shingo. Hapo nikaelewa kwa nini kundi lile liliacha kukua.

Ijumaa, Rupa

Tumeanza na alama A, ule weupe wa kilimani. Kupanda kwenyewe kumetuchukua asubuhi nzima, makorongo ambayo ramani ya mwinuko iliyalainisha yakatutoa jasho. Juu, jiwe jeupe kweli, zuri, limetapakaa. Nikatoa kisu nikalikwaruza. Likakwaruzika. Kwatsi haikubali kisu, yenyewe ndiyo inayokwaruza chuma na kioo. Hili ni marumaru, na Moroto ina marumaru nyingi. Malori yanayoibeba tuliyaona barabarani. Toka hewani vitu viwili hivi vinafanana kabisa. Ila safari haikupotea: sasa najua marumaru ya hapa inaonekana na rangi gani kwenye picha ya Januari, na jioni nimepitia maeneo mengine meupe niliyokuwa nimeyaacha na kuyafuta kwa uhakika.

Alama C tumeifikia mchana. Kona ya mto kama ilivyochorwa, mwamba umekatiza mto kama ilivyotarajiwa. Mchanga mkavu juu, lakini chini ya mwamba wanawake walikuwa wamechimba kisima cha mchangani, wanateka maji kwa kikombe na kujaza jerikeni. Tukawasalimu, tukaomba ruhusa ya maji ya karai moja moja. Wakatucheka kwa wema, wakatupa.

Karai linaoshwa hivi, kwa asiyewahi. Changarawe tumeitoa kwenye ufa wa mwamba wenyewe, sehemu ya chini kabisa, kwa kijiko, kwa sababu kizito kinashuka mpaka kinapozuiwa. Tunaipitisha kwenye chekeche. Iliyopita inalowekwa, madonge ya udongo yanavunjwa kwa vidole mpaka maji yanakuwa kahawia mazito, maana donge moja linaweza kukumbatia dhahabu na kuondoka nayo. Kisha karai linatikiswa kushoto na kulia likiwa sawa, ili kizito kizame. Baada ya hapo tu ndipo linainamishwa, na maji yanaanza kubeba mchanga mwepesi ukingoni, taratibu, mara nyingi. Mwishoni unabaki mchanga mweusi, ule unaokimbilia sumaku, umelala kama mwezi mwandamo kwenye kona ya karai. Unautawanya kwa maji kidogo sana, ukizungusha mkono. Dhahabu hubaki nyuma ya mweusi.

Karai la kwanza, chembe moja. La pili, hakuna. La tatu, mbili, bapa, zimelainika kingo. Kingo laini maana yake zimesafiri mbali. Dhahabu ya karibu na mwamba wake huwa na ncha na mikwaruzo, wakati mwingine imeng'ang'ania kipande cha kwatsi. Yaani C ni kituo tu, asili iko juu zaidi, na juu zaidi kwenye ramani ya leseni kuna kipande chenye mwenyewe. Tumeandika, tumepiga picha, tumeondoka.

Jumamosi, Rupa

B tumepita tu kuangalia. Mashimo mafupi, kina cha kiuno hadi cha mtu mzima, yanafuata mstari mmoja ambao kwenye picha ulionekana lakini ardhini ungeupita bila kuutambua. Pembeni kuna vichuguu vikubwa. Mchwa hupandisha udongo kutoka chini sana, kwa hiyo nimechota sampuli kwenye kila kichuguu kilichokuwa kwenye mstari ule, nikaandika namba na mahali. Hizo tutaziosha Busia. Hapa maji ni ya ng'ombe na watu kwanza.

Kisha D. Mwenyekiti, wazee wawili na yule mama walikuja wenyewe. Tulikubaliana shimo moja la majaribio, lifukiwe siku hiyo hiyo, na kila kitakachoonekana wakione wote. Tulitembea kwenye malisho makavu tukifuata alama kwenye simu. Kwa macho hakukuwa na tofauti yoyote, vumbi lile lile, kinyesi cha ng'ombe kile kile. Mzee akasimama hatua chache kabla ya alama yangu na kugonga ardhi kwa fimbo. Tukachimba aliposimama yeye.

Udongo mgumu, halafu mchanga laini, halafu mchanga wa rangi ya kutu. Kwenye kina cha kifua koleo likaanza kulia: changarawe, mawe ya mviringo yaliyosagwa na maji, mahali ambapo leo hakuna mto. Binamu alipotoa jiwe la kwanza akamkabidhi mzee. Mzee akaligeuza, akawaambia wenzake maneno machache, wakaangua kicheko. Kijana hakutafsiri na sikuuliza.

Karai tuliliosha kwa jerikeni tuliyokuja nayo kutoka mjini. Chembe zilionekana mara ya kwanza, na mara ya pili zikawa nyingi kuliko za kwanza, na kingo zake zilikuwa kali kuliko za alama C. Nilimpa mama lenzi, akazitazama muda mrefu, akauliza swali la maana kuliko yote ya safari hii: "Hizi zinafika pointi?" Pointi ni sehemu ya kumi ya gramu, ndiyo kipimo wanachouzia. Hazifiki, nilimwambia, karai hizi zote pamoja haziikaribii. Zinachosema ni kwamba mto wa zamani ulibeba dhahabu. Hazisemi ni nyingi kiasi gani. Hilo linahitaji mashimo mengi kwa mpangilio, juu na chini ya mstari, na hakuna shimo la pili kabla ya kijiji kuamua.

Tukafukia. Mwenyekiti akakanyaga udongo mwenyewe mpaka ukalala sawa.

Jumapili, Moroto mjini

Kutwa nzima kuandika. Kila alama sasa ina maelezo: tulichokiona, kina, picha, aliyekuwepo. Majina ya vijito, maere na visima aliyoyataja mzee nimeyaingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuijaza, baada ya kumsomea kijana moja moja na kurekebisha matamshi. Mahali pa karai sikuweka. Majina na visima ni vya watu wote. Alama D ni ya kijiji mpaka kitakaposema vinginevyo. Najua wapo wanaorusha mtandaoni mahali palipoonyesha chembe za dhahabu siku hiyo hiyo ili wasifiwe, na wiki inayofuata watu mia wanashuka na sululu na zebaki ya kunasia dhahabu juu ya maji ya kunywa ya watu. Mimi silikubali hilo hata kidogo.

Jumatatu, Moroto mjini

Kikao cha wazee kimefanyika asubuhi. Wamekubali tuombe eneo la mstari ule kwa jina la kikundi cha kijiji, sisi tukiwa washirika, kwa leseni ya wachimbaji wadogo, na wakaweka masharti: hakuna zebaki, mashimo yafukiwe kabla ya mvua za Aprili, na njia ya ng'ombe isiguswe. Njia hiyo nimeichora kwenye picha ya Novemba mbele yao, mzee akisahihisha kalamu yangu mara mbili. Karatasi moja imebaki kwa mwenyekiti, nyingine inakwenda Entebbe pamoja na ombi. Nimefungua tena ramani ya leseni kabla ya kuandika haya: pengo bado liko wazi.